Kaktasi Haivumilii Giza

Wauza maua wanaisema, wapambaji wa nyumba wanaiandika, na kila anayempelekea mwenzake zawadi ya ofisi mpya anairudia: chukua kaktasi, haina shida, iweke popote. Kauli hii imekubalika kiasi kwamba kaktasi sasa ndiyo mmea unaopelekwa mahali ambapo mimea mingine yote imeshindwa: kwenye rafu ya vitabu iliyo ukuta wa ndani, juu ya kabati la televisheni, kwenye meza ya mapokezi ambayo mapazia yake hayafunguliwi mwaka mzima, hata bafuni. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Kaktasi ni miongoni mwa mimea ya chunguni inayodai mwanga mwingi kuliko yote, na ikiwekwa gizani haivumilii. Inakufa, ila inakufa polepole mno kiasi kwamba mwenye nyumba anadhani inaishi.

Kwanza tuiseme hoja ya upande wa pili kwa haki, maana si hoja ya wajinga. Inasema hivi: kaktasi ni mmea wa jangwa, jangwa ni mahali pa taabu, mmea uliozoea taabu hauwezi kushindwa na sebule. Unahifadhi maji shinani, hauna majani ya kupukutika, unakua taratibu, na mtu anaweza kusafiri mwezi mzima akarudi na kuukuta kama alivyouacha. Yote hayo ni kweli. Hata aliyeiweka kaktasi yake mbali na dirisha ana ushahidi wa kuonyesha: imekaa pale mwaka mzima na bado ni ya kijani. Hoja ina misingi, ndiyo maana imeenea. Kosa lake liko kwenye hatua ya mwisho, pale inapochukua uvumilivu wa jambo moja na kuugeuza uvumilivu wa kila jambo.

1. Kuvumilia kiu si kuvumilia giza

Taabu ya jangwa ni ukosefu wa maji. Kwa upande wa mwanga, jangwa lina neema kuliko karibu kila mahali duniani: mawingu ni machache, miti mirefu ni michache, na jua linawaka tangu linapochomoza hadi linapozama. Jangwa la Sonora, lililotanda pande zote mbili za mpaka wa Marekani na Meksiko, ndiko inakoota kaktasi ya saguaro, ambayo hufikia urefu wa zaidi ya mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 150. Mmea kama huo umejengwa kwa namna ambayo maji yakikosekana utasubiri, lakini hakuna sehemu ya mwili wake iliyotayarishwa kwa siku ambayo jua litakosekana. Umeacha majani ili usipoteze maji, na kazi ya usanisinuru imehamia kwenye ngozi ya kijani ya shina. Shina nene la mviringo lina eneo dogo la kupokea mwanga ukilinganisha na ujazo wake. Mpango huo unafaa tu pale ambapo kila kipande cha ngozi kinapata mwanga wa kutosha.

Tazama pia namna kaktasi inavyojipatia chakula. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Kaktasi hufungua vyake usiku, wakati hewa imepoa na maji hayapotei kirahisi, ikavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi ndani ya seli zake. Kukipambazuka inafunga vitundu, inaivunja ile asidi, na kwa nguvu ya mwanga inageuza hewa ya ukaa kuwa sukari. Kazi ya usiku ni nusu tu ya kazi yote, na nusu ya pili haiwezekani bila mwanga. Mchana ukiwa hafifu, asidi haitumiki ipasavyo, sukari inayotengenezwa ni kidogo, na usiku unaofuata nafasi ya kupokea hewa mpya inakuwa finyu. Umbile lile lile linaloisaidia kustahimili kiu ndilo linaloifanya itegemee jua la mchana. Anayesifu uvumilivu wa kaktasi kisha akaipeleka kwenye kona yenye kivuli amechukua sifa akaacha sharti lake.

Ushahidi hauko Amerika peke yake. Wafugaji wa Laikipia nchini Kenya wanaijua mpungate, jamii ya kaktasi iliyoletwa kutoka ng'ambo, ikatapakaa kwenye malisho ya wazi hadi ikafunga njia za mifugo, huku miiba midogo ya matunda yake ikiumiza midomo na matumbo ya mbuzi na ng'ombe. Mmea huo haukupewa mbolea, haukumwagiliwa na hakuna aliyeutunza. Ulichokipata ni uwanda wa wazi na jua la mwaka mzima. Ukiwa na mwanga, mmea huu unawashinda watu wanaotaka kuung'oa. Ukikosa mwanga, unashindwa na kabati la televisheni.

2. Jicho letu ni shahidi mbaya

Pingamizi la kwanza husikika mara moja: chumba changu kina mwanga, ninasoma gazeti bila kuwasha taa. Anayesema hivyo hadanganyi. Anadanganywa na jicho lake, ambalo kazi yake ni kujirekebisha. Mboni hupanuka, retina huongeza wepesi wake wa kuhisi, na mtu anayetoka uwanjani kuingia sebuleni huona baada ya muda mfupi kwamba tofauti ni ndogo. Vipimo vinasema vingine. Jua kamili la mchana hufikisha takriban luksi 100,000. Kivuli cha wazi nje ya nyumba, siku ya jua, huwa na luksi 10,000 hadi 20,000. Ofisi iliyowashwa taa vizuri ina luksi 300 hadi 500, na sebule ya usiku mara nyingi haifiki 150. Kwa jicho, ofisi hiyo ni angavu. Kwa kaktasi, ina sehemu moja ya mia mbili ya kile ambacho mwili wake ulijengwa kukipokea.

Ndani ya nyumba mwanga hupungua upesi kadiri unavyoliacha dirisha, kwa sababu mmea unahesabu kipande cha anga unachokiona, hauhesabu weupe wa kuta. Chungu kikiwa kwenye kingo ya dirisha kinaona nusu ya anga. Kikisogezwa mita mbili ndani kinaona kipande kidogo. Kikiwekwa kando ya dirisha, ukuta ule ule wenye dirisha, hakioni anga kabisa hata kama kiko karibu. Hapa kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa: shusha kichwa hadi usawa wa chungu, tazama kutoka pale. Usipoliona anga, kaktasi hailioni pia, na hapo si mahali pake. Kipimo cha pili ni kivuli. Wakati wa mchana inua mkono kiasi cha sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka chungu. Kivuli chenye kingo kali kinamaanisha mwanga wa kufaa. Kivuli kisichotambulika umbo lake kinamaanisha njaa.

3. Kinachoitwa kukua ni dalili ya njaa

Pingamizi la pili ndilo lenye kupotosha zaidi: kaktasi yangu iko mbali na dirisha, na bado inakua, imerefuka tangu nilipoinunua. Kurefuka huko ndiko ushahidi wa kosa. Mmea unaokosa mwanga hurefusha shina lake kuutafuta. Mimea mingi ya kijani hufanya hivyo, kama inavyoonekana kwa maharage yaliyooteshwa kabatini. Kaktasi iliyokuwa duara huanza kuchongoka, ile ya nguzo hutoa ncha nyembamba iliyopauka, miiba mipya hutoka midogo na dhaifu, na mmea wote huinamia upande wa dirisha. Mwenye nyumba anaona sentimita zimeongezeka, anafurahi. Kumbe mmea umetumia akiba yake ya mwisho kujenga shina ambalo halitaweza kusimama.

Jeraha hili halina dawa ya kulifuta. Jani lililopauka hupukutika na jipya likachukua nafasi yake, lakini kaktasi haina majani ya kubadilisha. Umbo la shina ni kumbukumbu ya kila msimu uliopita. Mmea ukirudishwa kwenye mwanga, sehemu mpya itanenepa juu ya ile nyembamba, na shingo iliyobaki katikati haitajaa tena. Huko ndiko kuvunjika kunakoanzia. Basi tuulize: mmea unaosifiwa kwa kutokuwa na shida umekuwaje ndio unaobeba alama ya kila kosa kwa maisha yake yote?

Na ile rangi ya kijani inayotajwa kama ushahidi wa afya? Kaktasi huingia nyumbani ikiwa na ghala lililojaa: maji na wanga vilivyokusanywa kwa miezi au miaka kwenye kitalu chenye mwanga. Kila siku, mchana na usiku, seli zake zinatumia sehemu ya wanga huo ili ziishi. Mwanga ukileta pungufu ya kinachotumika, tofauti inatolewa ghalani. Mmea wenye majani laini ukiwekwa hivyo ungenyauka na kupukutika katika wiki chache, na mwenye nyumba angeelewa. Kaktasi inakaa kimya kwa sababu ghala lake ni kubwa, na kimya kingi kina mshindo mkuu: asubuhi moja shina limelainika chini, limeanguka, na watu wanashangaa kifo cha ghafla ambacho kilianza mwaka mmoja kabla.

4. Maji yanabeba lawama isiyo yake

Ukiuliza kaktasi ya ofisini ilikufa kwa nini, jibu ni lile lile: ilimwagiliwa sana. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo yenye maana. Mmea wenye mwanga wa kutosha unatumia maji, udongo wake unapata joto na kukauka, na mizizi inapata hewa. Mmea ule ule, kwenye chungu kile kile, ukipewa kiasi kile kile cha maji kwenye kona yenye kivuli, haukui, hautumii maji, na udongo unabaki na unyevu kwa wiki kadhaa. Ukungu unaozesha mizizi. Maji hayakubadilika; kilichobadilika ni mwanga, na kwa hiyo kiasi kilichokuwa sahihi kikawa sumu.

Hapo ndipo ushauri wa kawaida unapojipinga wenyewe. Unamwambia mtu aweke kaktasi popote, kisha unamwonya asiimwagilie. Kadiri anavyoiweka gizani ndivyo onyo linavyozidi kuwa kali, hadi matunzo yote yanageuka kuwa kutokufanya kitu: usimwagilie, usiguse, usibadilishe udongo. Mmea uliowekwa dirishani unaruhusu kosa la mmwagiliaji mgeni. Ulio gizani hauruhusu kosa lolote. Kwa hiyo kona ya giza, iliyouzwa kama njia rahisi, ndiyo njia ngumu kuliko zote za kufuga kaktasi.

5. Dirisha la kusini ni la watu wengine

Anayekubali kwamba kaktasi inahitaji mwanga hufungua kitabu au video, na mara nyingi hukuta agizo moja: iweke kwenye dirisha linalotazama kusini. Agizo hilo limeandikwa na watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, na kwao ni sahihi. London jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima, na wakati wa baridi hushuka chini kiasi cha kupenya hadi katikati ya chumba. Afrika Mashariki jua halifuati utaratibu huo. Nairobi, karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini takriban nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hukaa kaskazini kuanzia mwanzo wa Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia kusini. Dirisha la kusini la Dar es Salaam halipati jua la adhuhuri kwa miezi saba hivi ya mwaka.

Hata miezi ambayo jua liko upande wa dirisha, liko juu mno. Desemba, jijini Dar es Salaam, jua la adhuhuri hufikia nyuzi 73 hivi kutoka upeo wa macho. Upenu wa paa uliochomoza nusu mita tu hutupa kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu kuelekea chini, yaani hufunika dirisha lote. Ongeza baraza, wavu wa mbu wenye vumbi, nondo, vioo vyeusi na pazia zito, na dirisha ambalo kitabu kililisifu linakuwa rafu ya kivuli. Nyumba zetu zimejengwa kulikinga jua, na zimefanya vizuri kwa ajili ya watu. Kwa kaktasi lazima tupange tofauti. Kwetu dirisha la kutegemewa ni la mashariki, linalopata jua la asubuhi miezi yote 12, likifuatiwa na la magharibi, ambalo jua lake ni kali zaidi na linahitaji chungu kisigusane na kioo. Baraza linalopigwa na jua la asubuhi ni bora kuliko chumba chochote.

6. "Basi itoeni juani"

Pingamizi la tatu linatoka upande mwingine: kama ni jua inalotaka, basi itolewe nje moja kwa moja, au iwekwe ndani wiki nzima na kutolewa kila Jumamosi. Hoja hii inachukua ukweli na kuutumia kwa pupa. Ngozi ya kaktasi hujirekebisha kulingana na mwanga inaoupata, na marekebisho hayo huchukua wiki, si saa. Iliyozoea kivuli ikitolewa ghafla kwenye jua la adhuhuri huungua, na mabaka meupe au ya kahawia yanayobaki ni kovu la kudumu. Hata saguaro, jitu la jangwa, mara nyingi huanza maisha chini ya kichaka au mti unaoikinga na jua na baridi kali. Na miche mingi ya madukani imelelewa chini ya neti ya kivuli. Njia sahihi ni kuanza na saa moja ya jua la asubuhi na kuongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, kisha kuiacha mahali pamoja. Kutolewa kila Jumamosi ni siku moja ya kuunguzwa na sita za njaa.

Wala kaktasi zote hazitaki kiasi kimoja. Ile inayochanua maua ya waridi kwenye ncha za mashina bapa yanayoning'inia, Schlumbergera, ina asili ya misitu ya milima ya pwani ya Brazili, ambako huota juu ya miti. Rhipsalis baccifera, kaktasi pekee inayoota kiasili nje ya Amerika, imo katika misitu ya Afrika Mashariki. Hizi zinataka mwanga mwingi uliochujwa na majani, na jua la mchana huziunguza. Lakini mtetezi wa kona asifurahi mapema: mwanga uliochujwa kwenye tawi la mti bado unazidi mbali ule wa rafu ya sebuleni. Tofauti kati ya kaktasi na kaktasi ni jua la moja kwa moja au jua lililochujwa. Giza halimo kwenye orodha.

7. Taa ya dari na kofia nyekundu

Wapo wanaosema taa inatosha. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, na zikitawanyika chumba kizima, kinachofika mezani ni makumi machache ya luksi. Taa maalumu ya mimea, ikiwekwa sentimita 20 hadi 30 juu ya chungu kwa saa 12 kwa siku, inaweza kufaa, na asiye na dirisha afanye hivyo. Lakini lazima izimwe usiku, kwa kuwa usiku ndio wakati wa kaktasi kupumua hewa ya ukaa. Ofisi inayoacha taa zikiwaka usiku kucha inaunyima mmea giza unalolihitaji bila kuupa mwanga unaoutaka.

Ushahidi wa mwisho ni ile kaktasi ndogo yenye kofia nyekundu au ya njano inayouzwa kama pambo la mezani. Kofia hiyo haina klorofili. Haiwezi kujitengenezea chakula hata ikikaa juani. Imebebeshwa juu ya shina mama la kijani ambalo linalisha miili miwili. Na huu ndio mmea unaopelekwa zaidi kwenye madawati ya ndani, kwa sababu rangi yake inapendeza chini ya taa. Shina lenye mzigo maradufu linapewa mwanga mdogo kuliko wote.

8. Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Kuna atakayesema: ni kaktasi tu, ikifa nitanunua nyingine. Hapo ndipo kauli ya "iweke popote" inapofikia mwisho wake wa kweli. Mmea unaoweza kuishi miongo kadhaa umegeuzwa kuwa pambo la mwaka mmoja, na mnunuzi anayerudi dukani kila mara amefundishwa kwamba kifo cha mmea ni kawaida. Mwaka 2015 jarida la Nature Plants lilichapisha tathmini ya spishi 1,478 za kaktasi, na asilimia 31 zilionekana kuwa hatarini kutoweka. Ukusanyaji wa mimea na mbegu kutoka porini kwa ajili ya wapenzi wa mapambo ni moja ya sababu. Ni kweli kwamba nyingi zinazouzwa kwenye vitalu vya Nairobi na Dar es Salaam zimeoteshwa na watu, hazikuchimbwa jangwani. Lakini tabia ya kuona kiumbe hai kama kitu cha kutupwa haiangalii asili yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei, rangi wala ukubwa wa chungu. Muuzaji naye asiseme "iweke popote". Aulize dirisha la mteja linatazama wapi na kama jua linaligusa. Mwenye nafasi kwenye kingo ya dirisha la mashariki aichukue kaktasi, aizoeshe, aigeuze kidogo kila wiki chache ili isiinamie upande mmoja, aimwagilie udongo ukikauka kabisa, naye ataishi nayo miaka mingi. Asiye na nafasi hiyo, wala taa ya kuiwekea, asiinunue.